Waya wa Dirisha la Nyuma

Nikutegee, nawe usikimbilie kujibu. Yeye ndiye anayetoka jasho, mimi ndiye ninayepoa. Ni nani?

Najua umeshalipata. Ni kitendawili chepesi. Mtoto wa darasa la kwanza hukijibu huku anatafuta kiatu chake cha pili. Basi lifiche jibu lako shavuni kama kipande cha sukari guru, ulimung'unye polepole. Kuna bibi kizee mmoja wa Muradnagar, mji mdogo wa India si mbali na Delhi, aliyetegewa hicho hicho asubuhi, na kabla jua halijashuka uchochoro mzima ulikuwa umesimama kimya ukimwomba Mungu apate kukijibu.

Ilikuwa siku ya sita katika zile siku tisa kali za Jeth, mwezi wa kilele cha kiangazi, siku ambazo jua huteremka na kuatamia mapaa kama kuku juu ya mayai. Hata saa kumi na mbili na nusu asubuhi ukuta ulikuwa na joto la jana bado. Vimlesh alikuwa amesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, koleo mkononi, anasokota waya kwenye kitasa cha dirisha la nyuma.

Chumba chao kilikuwa cha juu kabisa, chini ya paa la zege lisilo na mti wa kulifunika. Aliishi humo na mama mkwe wake, Amma Kalavati, mwenye miaka sabini na miwili na magoti mabovu. Mume wa Vimlesh, Dharampal, alikuwa dereva wa lori, na wiki hiyo yuko mbali huko Gujarat. Katika dirisha la mbele walikuwa wameweka feni ya maji: sanduku la bati lenye kuta za nyasi kavu, maji yanachirizika juu ya nyasi, feni inavuta upepo wa nje ndani ya ubichi ule na kuupuliza chumbani. Ndiyo iliyokuwa ikiwavusha Jeth mwaka hadi mwaka.

"Fungua hilo dirisha, mwanangu," Amma akasema kutoka kitandani. "Upepo ukiingia lazima utoke. Hata tumbo liko hivyo."

"Ubaridi wote unatoka hapa, Amma, unakwenda kumpoza Phulwati kwenye paa lake."

"Sasa wewe unaona choyo hata upepo?"

"Hatusemezani naye tangu sikukuu ya Holi. Alitukatia pampu ya maji. Halafu sisi tumpepee bure?"

"Ubaridi haujui nani kanuniana na nani."

Vimlesh akakaza waya. "Ofisini kwetu kiyoyozi kikiwa kinafanya kazi, mlango ukiachwa wazi kidogo tu bwana mkubwa anafoka. Baridi hufungiwa, Amma. Mimi nimekaa nayo miaka minne."

"Na mimi nimekaa na joto miaka sabini na miwili. Sasa hapo aliyesoma zaidi ni nani?" Amma akacheka, halafu akaongeza neno ambalo pengine angelimeza kama usiku ule angepata usingizi. "Lakini utajuaje wewe. Mchana kutwa uko kwenye ubaridi wa Delhi. Ninayeokwa hapa kama chapati ni mimi."

Neno hilo lilimchoma Vimlesh. Alishuka kwenye ndoo. Ubaridi wa Delhi ulikuwa wa watu wa mezani. Yeye alikaa katika kichumba cha kupikia kisicho na dirisha, na majiko mawili ya chai, na kabla ya hapo saa moja na nusu kwenye behewa lililojaa pomoni, na jioni vivyo hivyo. Angeweza kuyasema hayo yote. Lakini nyumba ile ilikuwa na desturi yake. Tangu alipoolewa, kila asubuhi Amma alimtegea kitendawili mlangoni, naye alikwenda nacho kwenye treni akarudi na jibu jioni. Amma hakuwahi kukosa, wala hakuwahi kutegewa yeye.

"Leo nategea mimi," Vimlesh akasema. "Yeye ndiye anayetoka jasho, mimi ndiye ninayepoa. Ni nani?"

Alikisema kama mtu anayerusha jiwe. Amma alimtazama usoni kwa muda, akaona jiwe lilikotoka.

"Nenda, utakosa treni. Jioni nitakujibu." Akanyoosha mkono wenye kitunguu kibichi, kile cha kuweka mkobani ili lu, ule upepo wa moto wa mchana, usimpige mtu njiani.

"Wananicheka ofisini, Amma. Mkoba wote unanuka." Vimlesh akakirudisha kitunguu kwenye rafu, akajaza mtungi wa maji pembeni ya kitanda, akaenda kuoga. Alipotoka alivaa haraka, akachukua mkoba, akashuka ngazi bila kuaga sawasawa.

Saa saba mchana simu yake ikalia jikoni kule ofisini.

"Huu mtungi wako una nini?" Sauti ya Amma ilikuwa nzito, kama ya mtu aliyeamshwa. "Umekufa."

"Umekufaje, Amma?"

"Maji vuguvugu. Ngozi yake imelowa chapachapa lakini ndani hakuna ubaridi. Na mimi nimelowa hivyo hivyo. Jasho halikauki."

"Feni inazunguka?"

"Umeme ulikwenda saa tano. Ukarudi, ukaenda tena. Kichwa kinanigonga. Sikiliza, lile dirisha lako, vidole vyangu..."

"Vimlesh," mtu akaita kutoka ukumbini. "Wageni tisa. Chai iko wapi?"

"Lala, Amma, usitembeetembee. Nakupigia sasa hivi."

Hiyo sasa hivi ilikuja saa nane. Simu ililia mpaka ikakata. Akajiambia amelala. Saa nane na robo ililia tena, na saa nane na nusu. Vimlesh akaenda kwa msimamizi wake kuomba ruhusa. Msimamizi hakuinua kichwa.

"Leo kila mtu ana mama mkwe. Jana nilikuwa na wagonjwa watatu, wote walipona mvua ilipotabiriwa kwenye taarifa ya habari."

"Nikatie malipo ya leo, bwana. Nakwenda."

Treni ya saa tisa na dakika tano haikuwa imejaa kama ile ya jioni. Katika behewa la wanawake alimkuta Naseeba, muuza bangili wa Ghaziabad, mwanamke mnene mwenye sauti ya kiwandani. Naseeba hakuwahi kukaa safarini bila kazi ya mikono. Alikuwa ametandika gazeti mapajani anakata bamia.

"Shoga, leo wamekufukuza mapema?"

Vimlesh hakucheka. Aliweka simu sikioni. Ililia, ikalia, ikakata. Madirisha yalikuwa wazi yote na upepo ulioingia ulikuwa kama pumzi ya tanuru. Dakika ishirini baadaye treni ilipunguza mwendo, ikasita, ikasimama katikati ya viwanda, mbali na kituo chochote. Upepo nao ukasimama. Paa la chuma likaanza kulia ta, ta, ta kwa joto.

"Huyo unayempigia kila mara ni nani?" Naseeba akauliza.

"Mama mkwe. Hapokei. Mchana alinipigia analalamikia mtungi, eti umekufa. Umelowa nje lakini maji hayapoi."

Kisu cha Naseeba kikatulia juu ya bamia. "Hebu rudia."

Vimlesh akarudia.

"Mume wangu anatengeneza feni za maji mwaka wa ishirini huu," Naseeba akasema, na sauti ya kiwandani haikuwepo tena. "Mtungi ni kama mtu, dada. Jasho lake likikauka, anapoa. Lakini hewa ikishiba maji haina pa kuliweka hilo jasho, mtungi unakaa umelowa tu, na mtu aliye pembeni yake hivyo hivyo. Hicho chumba hakina pa kutolea hewa. Dirisha la nyuma liko wazi?"

"Nimelifunga."

"Basi atalifungua. Si mtoto."

"Nimelifunga kwa waya. Kwa koleo." Vimlesh alisikia maneno yake mwenyewe yakitoka kinywani moja moja. "Vidole vyake vina baridi yabisi."

Wanawake waliokuwa wakipiga soga benchi la pili wakageuka.

"Na mlango?"

"Mchana huwa anatia komeo kwa ndani. Anaogopa lu."

Naseeba hakumlaumu. Alikunja gazeti na bamia zake akaviweka chini. "Jirani wa karibu ni nani?"

"Phulwati. Lakini hatusemezani."

"Kwani nimekwambia mpatane? Mpigie mkiwa hamsemezani hivyo hivyo."

Namba ya Phulwati Vimlesh hakuwahi kuifuta. Aliibadilisha jina tu siku ya ugomvi wa pampu, akaiandika Mwizi wa Maji. Simu ilibakiwa na chaji kidogo sana. Siku nzima ya kupiga ilikuwa imeila. Akatia mkono mkobani kutafuta chaja, vidole vikagusa kitu cha mviringo chenye maganda makavu. Kitunguu. Amma alikitumbukiza wakati yeye yuko bafuni. Alikishika hapo hapo ndani ya mkoba, hakukitoa, akabonyeza jina la mwizi kwa mkono mwingine.

"Haya," Phulwati akaitikia. "Pampu yenu imekufa ndipo umenikumbuka?"

"Dada Phulwati, Amma hapokei simu. Yuko ndani peke yake. Dirisha la nyuma nimelifunga kwa waya tangu asubuhi."

"Ndiyo maana," Phulwati akasema taratibu. "Nimeshinda najiuliza upepo wangu umekwenda wapi."

Halafu zikasikika kandambili zikipiga ngazi, pumzi za mtu mnene anayepanda mbio, ngumi mlangoni. "Mama Kalavati. Mama, mimi Phulwati. Fungua." Ngumi tena. Vimlesh alibana simu hata sikio likauma. "Haitiki. Naruka kwenye paa langu nije dirishani. Navunja kioo, unasikia? Usije ukasema nimevunja kwa ajili ya pampu."

"Vunja."

Kioo kikalia. Kisha Phulwati akasema kwa sauti ndogo, si ya kugombana tena, "Mama yangu wee. Mvuke kama wa chungu cha wali. Yuko chini, yuko..."

Simu ikazima.

Naseeba alimpa yake mara moja, lakini namba ilikuwa ndani ya ile iliyokufa. Nani siku hizi anakariri namba? Vimlesh alizijua mbili tu kwa moyo: ya Dharampal, ambayo barabarani haikupatikana, na ya Amma. Akaipiga ya Amma. Ikalia huko Muradnagar, katika chumba kile, na hakuna aliyeishika.

Treni haikusogea.

Kile kitendawili alichotupa asubuhi kikawa kinamrudia. Alikuwa amejitaja yeye mwenyewe, anayelowa jasho ili wa nyumbani wapoe. Na saa ile ile anayetokwa na jasho alikuwa amelala sakafuni, wala hakuna aliyekuwa akipoa, si mtungi, si mtu.

"Mjini tunaungua kwa kutembea, nyumbani wanaungua kwa kukaa," mwanamke mmoja akasema, bila kumsemea mtu. Mwingine aliuchukua mtandio wa Vimlesh, akaumiminia maji ya chupa yake, akamrudishia kichwani. "Na wewe usituangukie hapa," akasema. Bibi mmoja kwenye kona akaanza kuimba wimbo wa kumsifu Mungu, wa chini kwa chini, na leo hakuna aliyempigia makofi ya kuitikia kama walivyozoea safarini.

Dakika kumi na nane. Vimlesh alizihesabu kwenye saa ya Naseeba. Kisha chuma kikagonga chuma, treni ikavuta.

Walipofika kituo cha Ghaziabad, Naseeba alisimama mlangoni na bangili zake begani lakini hakushuka mpaka alipomaliza kusema. "Nisikilize. Amwagiwe maji, apepewe, mwili wote. Lakini kumnywesha, hapana, kama hajitambui. Maji yatakwenda mapafuni. Kwanza muulize kitu anachokijua. Akijibu la maana, ndipo umnyweshe, kidogo kidogo. Asipojibu, usimpe hata tone, mpeleke kwa daktari hata kama ni kwenye mkokoteni." Akaruka chini treni inaanza kuondoka. "Kesho nataka habari," akapaza sauti, "na nataka njema."

Saa kumi na moja Vimlesh alishuka Muradnagar akakimbia. Lami ilikuwa imelainika, ikamshika kandambili moja; aliiacha hapo barabarani akaenda na mguu mmoja mtupu, akirukia kivuli cha ukuta hadi kivuli cha kibanda. Wauza matikiti maji waliokuwa wamelala chini ya mikokoteni waliinua vichwa. Alipofika kwenye uchochoro wao aliona watu wamesimama mlangoni pa nyumba, naye akapunguza mwendo.

"Pisheni," mtu akasema. "Mkwe wake huyo."

Walikuwa wamemteremsha. Amma alilala juu ya kitanda cha kamba chini ya ngazi, mahali penye kivuli na upepo wa kupita, shuka lililolowa limemfunika mpaka shingoni. Phulwati alikuwa akimpepea kwa ungo. Mkono wake wa kulia ulifungwa kitambaa, na kitambaa kilikuwa na damu.

"Anapumua," Phulwati akasema kabla hajaulizwa. "Gari la wagonjwa tumeliita, wanasema liko njiani, na njiani kwao unakujua."

"Mmemnywesha maji?"

"Nilitaka. Nikaogopa, maana hasemi ya hapa. Namwagia tu. Nimemuuliza jina lake, akaniambia nimfunge Bhuri asije akala mbegu. Bhuri ni nani?"

"Nyati wao," Vimlesh akasema. "Wa kijijini. Alikufa kabla sijazaliwa."

Akapiga magoti. Macho ya Amma yalikuwa wazi, yamepita juu ya uso wake yakaenda mbali, kwenye shamba fulani la zamani. Midomo ilikuwa imepasuka. Nywele zake nyeupe, ambazo hakuwahi kumruhusu mtu nje ya nyumba kuziona, zilikuwa zimetawanyika, na Vimlesh akazifunika kwanza kwa mtandio wake.

"Amma. Mimi nani?"

"Jua limepanda," Amma akasema. "Mfungue anywe."

"Amma, nitazame. Mwanao anaitwaje?"

Macho yalibaki kule shambani. Phulwati alipunguza kupepea, akaongeza tena. Nyuma yao mtu alinong'ona kuhusu mkokoteni wa muuza mboga, kwamba uondolewe vikapu uletwe sasa hivi, wasisubiri gari. Mwingine akasema jua hili na barabara ile, atafikaje? Vimlesh alijua kwamba wote wawili wanasema kweli. Bakuli la maji lilikuwa pale pembeni ya goti lake, na mate yalikuwa yamemkauka Amma hata ulimi unagongana na meno, na hakuweza kumpa.

Akatia mkono mkobani, akatoa kitunguu. Akakiweka kiganjani mwa Amma, akakunja vile vidole vigumu juu yake, kimoja kimoja. Vidole vile vile ambavyo mchana vilihangaika na waya.

"Leo nilitega mimi," akasema. Alisema taratibu kama walivyozoea mlangoni. "Ulisema jioni utanijibu. Ni jioni sasa, Amma. Nimerudi. Yeye ndiye anayetoka jasho, mimi ndiye ninayepoa. Ni nani?"

Ungo wa Phulwati peke yake ulisikika, vu, vu, vu.

Mtu mmoja nyuma akashindwa kujizuia. "Si ni m..."

"Funga huo mdomo," Phulwati akasema bila kugeuka. "Hukuulizwa wewe."

Vimlesh akainama mpaka paji lake likagusa shuka lililolowa. Upepo wa ungo ulikuwa ukipita kwenye maji yale na kitambaa kilikuwa baridi. Ulikuwa ubaridi wa kweli, ule wa asubuhi kabla ya koleo. Akauliza mara ya pili. Hakungoja kitu, aliuliza kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kumpa.

Kidole gumba cha Amma kikasogea juu ya ganda la kitunguu. Kikalimenya kidogo kwa ukucha, kama afanyavyo mtu jikoni. Macho yakatoka kule shambani, yakaja polepole, yakapita ngazi, yakampita Phulwati na mkono wake uliofungwa, yakafika kwa Vimlesh, yakatulia hapo. Paji la uso likakunjamana kwa hasira ndogo, ile hasira ya mtu mjuzi aliyeletewa swali la watoto.

"Siku nzima unaniweka," akasema, neno moja kwa pumzi moja, "kwa kitu chepesi hivyo." Akameza hewa. "Mtungi."